Yowe Nililopiga Mpakani

Nilikuta mtu amevaa koti la kaka yangu, na kaka mwenyewe hayupo.

Mimi ni bodaboda wa Rwamishenye. Kaka Rwekaza alikuwa mlinzi wa mnara wa simu huko kaskazini, kilimani, karibu kabisa na Uganda. Lindo la watu wawili, yeye na mzee Mutembei. Jirani hamna.

Siku nne simu yake haipatikani. Mama hali, halali.

Jumanne nikapata abiria wa Mutukula, mpakani. Nikasema nikirudi napanda kumwona.

Saa nane mchana nafika. Geti wazi. Majamaa wawili wamekalia ndoo.

"Wasibota," nikasalimia kilugha, salamu ya mchana.

Wakatazamana. "Poa," mmoja akajibu.

Hawa si wa kwetu.

Kwa mzee Mutembei hukai dakika hajakupa kahawa ya kutafuna. Hawa hata karibu hakuna.

"Rwekaza yuko wapi?"

"Kashuka mtoni. Wote wameshuka. Kwani wewe nani?"

Huyo anayenijibu, koti la kaka analo mwilini. Kiraka cha kitenge begani, mama alikishona kwa mkono wake.

Nyuma yao turubai. Chini ya turubai, nyayo mbili za mtu. Hazitikisiki.

Nikajikausha. "Mwambieni nilipita."

Nikageuza pikipiki taratibu, mgongo unasubiri panga.

Kijiji cha kwanza tu, nikapiga yowe.

"Wamemuua kaka yangu mnarani!"

Kwetu yowe halijadiliwi. Watu walitoka migombani na mapanga, na mikuki. Tukapanda kama themanini hivi.

Wale wawili wakadakwa getini. Nikafunua turubai.

Mzee Mutembei! Kafungwa kamba, tambara mdomoni, anahema. Pembeni betri za mnara zimeshang'olewa.

Nikamtoa tambara. "Mzee, kaka wamempeleka wapi?"

Akaanza kulia.

"Rwekaza ndiye aliyenifunga, mwanangu. Koti kamvalisha mwenzake, wapita njia waone mlinzi yupo. Yeye kafuata gari la kubebea betri."

Nikasikia kelele huko chini.

"Wa tatu huyu hapa!"

Nilishuka kilima kile sijui kwa miguu ya nani. Kaka yuko chini, wamemzunguka. Nikamlalia juu.

"Mwacheni! Ndiye kaka yangu niliyewaitia!"

Jamaa mmoja mwenye panga akainama, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Si ulisema amekufa?"

Wakanivuta. Mkono wangu ulivunjika hapo.

Polisi walipofika, Rwekaza hakuwa na haja ya hospitali.

Mama anajua mwanawe aliuawa na wanakijiji. Nani aliwaita, hajauliza. Nami sijamwambia.

Wewe unayesoma, kabla hujaita watu, tulia uone kwanza. Kuwaita nilitumia pumzi moja. Yowe la kuwaambia warudi nyumbani halipo.