Mafuta ya Taa Ndani ya Piano ya Hortensia

Hortensia Villalón aliwahi kupiga piano Havana, Praha na Meksiko, na magazeti yakamwandika sana. Lakini kanda zake zote zilikuwa kwenye kituo kimoja cha redio, nacho katika miaka ya shida kilizifuta ili kurekodia vipindi vipya. Uzeeni, hapa Cienfuegos, hakuwa na hata kipande kimoja kilichobaki. Ndiyo maana vijana wa chuo cha muziki walipoazima mashine ya kumrekodi Jumamosi, alirudi kwenye mazoezi kila asubuhi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa mwisho.

Ijumaa tulikwenda makaburini kwa mumewe. Jirani yetu Eladio, aliyeachiwa ufunguo, akaona unga wa mchwa chini ya piano. Mjini kwetu kila mtu hutibu mchwa kwa mafuta ya taa: kitanda, kabati, hata fremu za picha. Eladio akafunua piano na kumimina chupa nzima.

Tuliporudi, nyumba ilinuka kama jiko.

“Nimewamaliza, Bi Hortensia,” alisema kwa fahari. “Hata babu yao hapumui.”

“Ungekuwa daktari wewe, tungeshazikwa mtaa mzima,” akamtania.

Nikabonyeza vibao viwili vya piano. Sufu ya vinyundo vinavyogonga nyuzi ilikuwa imelowa kama mkate uliochovywa kwenye kahawa, na sauti ilitoka imekufa. Mwalimu hakushtuka. Masikio yake yalikuwa yamechoka siku nyingi. Maneno aliyasoma midomoni, na muziki aliusikia kwa vidole.

Nilimvuta Eladio uani.

“Umeilowesha sufu, mzee. Haitakauka kufikia kesho.”

Akakaa juu ya ndoo. “Waambie wale vijana waje siku nyingine.”

“Mashine inarudishwa Jumapili.”

“Basi mwambie ni mimi.”

“Nikimwambia, atapiga?”



Jumamosi mwalimu alivaa gauni la bluu, akapiga bila kukosea popote. Chumbani tulisikia mgongano wa mbao, na pumzi zake.

“Imetoka?” akauliza.

Kijana wa mashine alinitazama.

“Imetoka, mwalimu,” nikasema.

Alifariki Novemba. Wanafunzi wangu hujifunza mwendo wa vidole kutoka kwenye rekodi hiyo, kwa kuwa muziki wenyewe haumo. Eladio naye huja kuisikiliza. Huinamisha kichwa mpaka mwisho, wala hajawahi kuniomba niizime.