Nilivyoandika Barua za Sista kwa Kihispania
Watu wakisikia najua Kihispania wanadhani nilipelekwa ng'ambo. Mimi nilikuwa nafua shuka katika zahanati ya misheni nje ya mji wa Eldoret, miaka michache baada ya uhuru. Kila siku saa kumi jioni, mgongo ukiniuma, niliingia chumbani kwa sista mzee aliyetoka Uhispania. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, haishiki kalamu tena, na mimi nilikuwa na mwandiko unaosomeka.

Mwanzoni alinitajia herufi moja moja. Alipochoka, akaamua kunifundisha lugha yenyewe. Mwaka wa pili tukafika pagumu: namna ya kusema ulichotaka jana.

"Anza na vile watu walifanya," aliniambia. "Hablaron, walisema. Toa ron, weka ra. Hablara. Comieron, walikula: comiera. Vivieron, waliishi: viviera."

"Hablara maana yake nini, Sista?"

"Nilitaka aseme."

"Na nataka aseme?"

"Hiyo ni hable. Ni tofauti kabisa."

Kwetu "aseme" ni ile ile, uwe unataka leo au ulitaka jana. Nilikuwa nimefua shuka za wodi nzima, na sasa naambiwa hata kutaka kwenyewe kuna wakati wake. Nilitamani kulia.

Lakini alikuwa na haraka. Kaka zake walitaka kuuza shamba la marehemu baba yao, naye alikuwa anamwandikia dada yake awazuie. Nyumbani kwangu pia hapakuwa na habari nyingine ila shamba. Wazungu walikuwa wanaondoka, na kila Jumapili mume wangu alishinda kijijini Kiplombe kwenye mikutano ya kikundi chao cha kununua mashamba.

Siku moja Sista akanisomea polepole: "Les pedí que no vendieran." Niliwaomba wasiuze. Nikaandika vendieron. Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Hapa umeandika hawakuuza," akasema. "Ingekuwa hivyo, mama, ningelala usingizi."

Nikafuta o, nikaweka a.

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. Nilimsomea mimi. Shamba lilikuwa limeuzwa hata kabla barua yetu haijafika. Akaniomba nisome tena, nikasoma. Hakulia. Alifunga macho, akasema, "Andika: Quería que esperaran." Nilitaka wangoje.

Niliandika bila kosa. Hakuangalia.

"Na nyinyi, mtapata shamba?" akaniuliza.

"Mzee wangu anasema mwezi ujao, Sista."

"Si alisema hivyo mwaka jana?"

Tukacheka kidogo, kila mmoja na uchovu wake.

Mwaka uliofuata walimrudisha kwao. Nilisimama kando ya gari na maneno yote niliyojifunza yakanipotea, nikamwambia tu, "Safari njema, Sista."

Sisi hatimaye tulipata kipande chetu Kiplombe, nami nikaacha kazi ya kufua. Nilimwandikia kutoka huko. Jibu lake lilikuwa limeandikwa na mtu mwingine, herufi zimenyooka kama mahindi ya shamba la mzungu, kosa hata moja hakuna. Nilimwonea wivu mtu huyo siku nzima, huku napalilia.