Mguu wa Papa Juu ya Shuka

Watu husema sinema ya michoro ni mambo ya watoto. Mtu akiniambia hivyo, mpaka leo hasira inanipanda, na mimi si mtu wa hasira. Mimi ni mtu wa maharagwe na usingizi wa mchana. Mchoro mmoja, wa dakika zisizofika kumi, ulimnyang'anya baba yangu heshima yake pale Masisi, Kongo, enzi za Wabelgiji. Aliyeshika kalamu ni mwingine. Maneno niliyatoa mimi.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mpanda mipaka. Majirani wawili wakigombania shamba kilimani, walimwita. Alisikiliza huyu na yule, akauliza waliolima hapo zamani, akapima kwa hatua zake, kisha akapanda miche ya majani marefu ambayo kila mtu kwetu aliijua: hapa ni mwisho wa lako, hapa ni mwanzo wa la mwenzako. Hakuna aliyethubutu kuing'oa. Hakupata zaidi ya kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi. Ng'ombe aliuvunja Papa akiwa kijana. Nyumbani tulikuwa na mzaha wetu kwamba shamba likipimwa na Papa, wakati wa kwenda linakuwa dogo, wakati wa kurudi linakuwa kubwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuanzisha. Mama alikuwa akiusikia anaweka mwiko chini ili acheke vizuri.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari kwa mapadri, na elimu hiyo yote ilinifikisha mbali sana: kutoka kitandani mpaka jikoni. Wenzangu walikwenda Goma na Bukavu kuwa makarani. Mimi nilisema hewa ya huko itanidhuru. Ukweli ni kwamba niliogopa chakula ambacho hakikupikwa na Mama.

Basi alipokuja Mzungu mmoja mchoraji, anazunguka na daftari akitafuta hadithi za filamu zake fupi, alielekezwa kwangu kwa sababu mbili: nilijua Kifaransa, na nilikuwa nyumbani. Nikampa maziwa. Nikampa hadithi za sungura, hakuandika kitu. Nikampa za chui, akapiga miayo. Hapo nikaona aibu ya mwenyeji, nikautoa ule mzaha wa mguu wa Papa. Nilisimama, nikachechemea katikati ya uwanja, nikipima shamba la hewa. Akacheka, kalamu ikakimbia kwenye karatasi. Nilijiona mtu mkubwa.

Mwaka uliofuata alirudi na kamio, yaani lori, mashine ya umeme na filamu sita za michoro. Alitaka kuzionyesha Masisi, Kingi, halafu ateremke mpaka Mpofi, upande wa Walikale. Filamu zilikuwa na muziki tu. Maelezo yalikuwa kwenye karatasi, kwa Kifaransa. Akanitaka niyaseme kwa Kiswahili kwenye mikro, kipaza sauti chake.

"Mpaka Kingi nitafika," nikamwambia. "Mpofi hapana."

"Kwa nini?"

"Mama hayuko huko."

Wiki hiyo hiyo Papa alikuwa ameitwa Kingi. Kulikuwa na Mama mmoja mjane, mkulima, ambaye jirani yake mfugaji alikuwa amesogeza uzio mpaka ndani ya maharagwe yake. Miche ya mpaka ilikwisha kukanyagwa na ng'ombe, lakini Papa ndiye aliyeipanda, wakati mume wa yule Mama akiwa hai. Wote wawili walikubali kwamba Alhamisi Papa atakuja, na neno lake litakuwa la mwisho.

Jumapili, baada ya misa, tulijaa darasani Masisi. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya akina Mama, shuka ikatundikwa ubaoni. Filamu ya mbu ikapita, ya choo ikapita, ya nyani asiyetaka kunawa ikapita. Watu walikuwa wanafurahi, na mimi nilikuwa naongeza chumvi yangu pasipo ruhusa ya karatasi.

Katika ya tano akatokea mzee mwenye kofia, mguu mmoja mfupi, anapima shamba. Alivyopima, mpaka ulitambaa kama nyoka. Majirani wakapigana. Kisha akaja mtu wa Bulamatari, serikali yenyewe, na mnyororo wa chuma. Akapima, kila mtu akatabasamu. Karatasi ilisema: Msiamini hatua za wazee.

Nilimtambua kwenye hatua ya pili. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kukohoa, kuangusha mikro, kuzimia. Kwa kuzimia nilikuwa na kipaji. Lakini watu walikuwa wanacheka, na kicheko kile kilikuwa kitamu. Nikasema kwa sauti kubwa: "Muangalie! Wakati wa kwenda shamba linakuwa dogo!"

"Eh! Ule njo Papa wa mipaka!" mtu akapiga kelele. "Mutazame muguu!"

"Papa, simama tuone kama iko sawa!"

Papa alikuwa benchi la tatu. Alisimama kweli, akavaa kofia yake, akachechemea mpaka mlangoni. Alipoinua blanketi la mlango, jua likaingia na picha ikafifia kwenye shuka. Watu wakampigia miluzi afunge.

Baadaye nikamfuata mchoraji kwenye kamio. "Yule ni baba yangu."

"Lakini wewe ndiye uliyenipa."

"Nilikupa kitu cha kucheka. Sikukupa kitu cha kumfukuzia kazi."

"Ni mchoro tu," akasema, akiendelea kukunja nyaya zake. Ni mchoro tu! Ningempiga, kama ningejua watu hupigwa vipi.

Jumanne tulikuwa Kingi. Nilikuwa na mpango: Mzungu hakujua Kiswahili. Mzee wa kofia alipotokea, nikaweka karatasi chini.

"Wandugu, huyu ni Papa yangu mwenyewe. Mipaka yake haijatembea hata siku moja. Muongo ni mimi."

Wakacheka kuliko Masisi. Nikaapa, wakajipiga mapaja. Kila mtu alinijua mimi na utani wangu.

"Acha, kaka, utatuua!" Mama mmoja akasema, anafuta machozi.

Mjane peke yake hakucheka. Na mfugaji akasimama mbele ya shuka, mguu wa Papa unachezacheza kwenye shati lake. "Mimi sitaki tena mambo ya hatua. Nataka munyororo." Wakampigia makofi.

Alhamisi mtu wa mnyororo, wa Bulamatari kweli, akaja. Alianzia kwenye uzio, kwa sababu uzio ndio kitu pekee alichokiona. Papa akavua kofia. "Bwana, uchimbe hapa. Miche ilikufa, lakini mizizi iko."

Yule mtu akamtazama kofia, akamtazama mguu, akatabasamu. "Ni wewe ule wa sinema?"

Hakuna aliyechimba. Mistari saba ya maharagwe ikabaki upande wa ng'ombe, na mjane akapewa mpaka jioni avune.

Walipoondoka, Papa akaomba jembe, akachimba pale pale. Mizizi ilikuwepo, minene kama kidole gumba, imejipanga kwenda moja kwa moja. Tulikuwa watatu tu wa kuitazama.

"Sasa uite watu na mikro yako, kaka," mjane akaniambia. "Uwaambie waje kuona."

Akageuka, akaanza kung'oa maharagwe ambayo hayajakomaa. Nikainama kumsaidia.

"Wewe hapana," akasema. "Wewe ukae."

Papa akainama mahali pangu, akiegemea mguu mzima, na wakang'oa wao wawili mstari kwa mstari. Nilikaa kwenye majani kama nilivyoamriwa, nimekasirikia kila mwenye kalamu duniani, mpaka wakamaliza.