Bosi Aliyeshika Kamera

Bosi wetu wa upasuaji wa akina mama tulimwita Fundi, na alistahili. Mimi ni nesi wa chumba chake cha upasuaji, namjua pengine kuliko mkewe. Mkono mtulivu, maneno makali, na ubishi usipime. Ilipoletwa kamera mpya, ile ya kupitisha kwenye tundu dogo tumboni, alibetua midomo. "Mimi nafungua tumbo, naingiza mkono, naelewa. Hiyo televisheni yenu kaangalieni mpira."

Basi akaja dada mmoja mshonaji, kizazi kimejaa uvimbe. Ameolewa, hana mtoto, na anamtaka kwa kufa na kupona. Fundi hakumficha: uvimbe umejibana nyuma, pabaya, na kwa kisu huenda kizazi kikatoka chote. Mwanafunzi wake wa zamani, sasa daktari kamili, akasema, "Mwalimu, kwa kamera tutapaona vizuri. Tunaweza kukiokoa."

Fundi alimkazia macho, nikajua leo kutawaka. Wapi! Akasema, "Haya. Utapasua wewe, mimi nishike kamera." Nilitaka kucheka, nikajikaza.

Kumbe kushika kamera nako ni kazi! Kwa mazoea, Fundi aliangalia tumbo la mgonjwa badala ya skrini, na picha ikaenda kombo kabisa.

"Bosi, macho kwenye skrini!" nikamfokea. Mimi huyo! Akainua macho kwenye skrini.

Mara damu. Skrini nzima nyekundu. Daktari kijana akaingiwa na hofu. "Mwalimu, tufungue?"

Mkono wangu ulishafika kwenye trei ya visu. Nikajisemea, hapa ndipo Fundi alipokuwa akipasubiri, kizazi cha watu kinakwenda. Lakini Fundi hakubandua macho kwenye skrini. Akaisogeza kamera taratibu, karibu kabisa. "Safisha hapo. Mshipa ule wa nyuma, unauona? Ubane." Ukabanwa. Damu ikakata. Jamani, nilishusha pumzi utadhani nimetua gunia.

Mshonaji alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kizazi changu kipo?"

Miaka yote jibu hilo Fundi alituachia sisi manesi. Safari hii aliinama mwenyewe, barakoa inaning'inia shingoni, machozi yanamlenga.

"Kipo, mwanangu. Kipo chote."