Aliyejua Viuno vya Mtaa Mzima

Habari za msiba nilizipata Nshamba, dukani, nikiwa katikati ya kubishania bei ya jembe. Mwenye duka alinikubalia bei yangu bila hata kuguna, nikajua kuna jambo. Mtu wa Nshamba hakubali hivihivi. "Fundi wako wa Bukoba amekwenda," akasema. "Wanamzika kesho kwao Kishanda." Jembe nililiacha palepale mezani.

Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba huu ni mwaka wa pili ninahangaika na swali moja: nihamishe familia kutoka Muleba twende kukaa Bukoba mjini, katika ule mtaa wa nyuma ya soko, au tubaki. Mtaa wenyewe una historia ya kuchosha. Wakati wa vita milango yake iling'olewa ikawa kuni, na mabati yakaondoka na watu tusiowajua na wengine tunaowajua sana. Wenyewe wakarudi, wakaziba, wakapaka chokaa. Kisha ukaja ugonjwa huu wa kukondesha, ambao siku za mwanzo tuliuita kwa jina la nguo ya magendo, na nyumba zikabaki tupu tena, safari hii milango ikiwa mizima. Sasa pesa ya sangara imeingia. Wachuuzi wa visiwani wanaezeka, umeme umerudi, kuna hata mgahawa wenye viti vya kuegemea. Nilihesabu nyumba kumi na tisa, saba zikiwa na mabati mapya. Nikahesabu tena nikitokea upande wa pili, zikawa saba na nusu, kwa sababu kuna bwana mmoja aliyeezeka mbele tu, panapoonekana.

Marehemu alikuwa na cherehani barazani kwake, katikati ya mtaa. Alikuwa mjane, na wa kwanza kurudi baada ya vita, wakati huo akilala chini ya turubai. Kazi yake ya miaka hii ilikuwa zaidi kupunguza nguo kuliko kushona. Watu walimletea suruali na magauni waliyonunua wakiwa wazima, akayapunguza inchi moja, baada ya miezi michache inchi mbili, ili mtu aende kanisani Jumapili bila nguo kumning'inia. Vipimo aliviandika katika daftari la shule. Nilipoliona daftari hilo niliona nimeufikia ukweli wa mtaa, na nikaanza kuutafutia njia.

"Mama," nikamwambia, nikitafuna punje za kahawa alizonikaribisha nazo, "nyumba ya ubavuni mwako nimeipenda. Lakini nina mke na watoto wanne. Niambie tu ni wangapi hapa wanaopunguza nguo. Majina sitaki."

"Unatafuta nyumba au unatafuta maiti?"

"Basi nusu. Niambie wa upande huu wa barabara tu."

Akacheka mpaka akashika cherehani. "Tata, wewe hata siku ya kuzikwa utaomba wapunguze kina cha kaburi! Hebu simama. Hiyo suruali inakuvuka."

Alikuwa amenishonea mwenyewe mwaka uliotangulia. Akanizungushia tepu, akafungua ukurasa wangu. "Umepungua inchi mbili." Nikasema tepu imelegea, apime tena. Akapima tena. Inchi mbili. Nikamweleza kwamba ni malaria ya mwezi uliopita, na kweli ilikuwa malaria, lakini nilijisikia nikiieleza kwa haraka mno.

"Sawa, malaria," akasema. "Kesho akija mtu kukagua mtaa, habari zako nimwambieje?"

"Usimwambie kitu."

"Ehee, waitu, ndugu yangu. Wote huniambia hivyo hivyo."

Akanipa kanga nijifunge, akaanza kuipunguza suruali yangu. Nikakaa barazani na kanga ya maua kiunoni, mtaa mzima ukipita na kunisalimu. Walikuwa na kila sababu ya kucheka. Waliniuliza habari za Muleba, za nyumbani, za mvua. Kuhusu suruali hakuuliza hata mmoja.

Aliniahidi kumwomba mwenye nyumba angoje mpaka kahawa ziishe kuvunwa. Kahawa zikaisha. Nilirudi kukagua mtaro, nikarudi kukagua maji, nikarudi kuukagua mtaro mvua ikinyesha. Safari hiyo ya mwisho niliona gauni lake lina mishono miwili ubavuni, uzi mpya juu ya kitambaa kilichopauka. Nikanywa chai yake, nikaaga, na nilipofika nyumbani nikaiongeza mishono ile kwenye sababu za kutohama. Naandika hivi kwa sababu ndivyo nilivyofanya.

Kishanda mtaa ulifika wote, ndani ya lori linalobeba samaki. Mchuuzi mmoja wa kike alinitazama sana. "Wewe si jirani yetu?"

"Bado."

"Alisema unakuja. Tumemsumbua mwenye nyumba asiipangishe." Kisha akanisimulia bila lawama yoyote, na hapo ndipo ilipouma. Fundi alipolala kitandani akiumwa, akina mama walipeana zamu za kumpikia uji, kila siku nyumba yake. Alhamisi ilipangiwa nyumba ya ubavuni, kwa kuwa ndiyo ya karibu na walijua watu wake wako njiani. Hatukufika. Kila Alhamisi ilibidi atafutwe wa kuvuka barabara, na kuna Alhamisi ambazo hakupatikana.

Niliukagua mtaa ule kama mnunuzi, nikiuliza utanipa nini na utanipokonya nini. Ninyi mnaoniandikia mkiuliza kama Bukoba inafaa kuhamia sasa, jibu langu ni kwamba mabati na umeme vyote vipo, nendeni mkaone. Lakini mtaa ukianza kufufuka kuna watu wanaoufufua, na ukisimama barabarani ukipima, kuna kazi yako ambayo mwingine ameibeba au imelala bila kufanywa. Tunahamia Jumatatu. Mke wangu ameuliza kuna wagonjwa wangapi. Nimemjibu kwamba sijui, ila nimeomba tuachiwe Alhamisi.