Mwanga Uliotoka Pembeni

Laiti ningalikataa kutia sahihi ile karatasi iliyomshtaki mwalimu wetu wa sanaa. Hapa mtaani Nguba, kila umeme unaporudi na vumbi likaungua juu ya jiko la umeme, harufu yake hunirudisha darasani.

Mwalimu alikuwa ameziba madirisha kwa blanketi za bweni. Mashine yake ya kuonyeshea picha ilitoa harufu hiyohiyo. Ukutani wakatokea Adamu na Eva, kazi ya Waitalia wa kale, wakiwa uchi kama walivyoumbwa. Tulicheka.

"Munacheka nini? Mungu aliumbaka Adamu na pantalo?" akauliza, akishika suruali yake. "Muangalie mwanga. Unatoka wapi?"

Kisha akaweka picha iliyochorwa miaka mia baada ya ile. Karibu yote ilikuwa giza, ila mwanga mmoja wa pembeni uliangukia mkono wa mzee maskini. Mishipa ilionekana, hata uchafu chini ya kucha. Hakuna aliyecheka. Sikuwa nikijua kwamba mkono kama wa babu yangu unaweza kutazamwa kwa heshima ile.

Nyumbani papa, baba yangu na mjumbe wa kamati ya wazazi, aliniuliza, "Iko kweli anawaonyeshaka watu uchi?"

"Ndiyo, papa. Lakini…"

"Lakini ya nini? Weka sinyatire hapa."

Karatasi ilisema mwalimu anatufundisha uchafu. Niliisoma yote, nikatia sahihi, kwa kuwa nilimwogopa papa.

Mwalimu alifukuzwa kabla ya Pasaka na somo likafutwa. Nilikuwa nimeanza kuchora mikono. Sikuchora tena, na hakuna mwingine aliyewahi kunifundisha kutazama.