Mikono Sita kwenye Kichwa Kimoja

Nilipoondoka Ifakara nikiwa binti, kusuka rasta kulikuwa kazi ya siku nzima. Ulikaa kwenye mkeka asubuhi, kichwa kikiwa katikati ya magoti ya msusi, ukainuka jua likizama nyuma ya milima ya Udzungwa. Mlikula pamoja, mkapeana habari za mashamba na za ndoa za watu, na mara kwa mara msusi alikuacha akaenda kutazama maharage yake jikoni. Hakuna aliyeona kwamba muda umepotea.

Baadaye nikaenda Lusaka, maana miguu yangu haijawahi kupenda kukaa mahali pamoja. Siku niliyoingia saluni iliyoniajiri, nilisimama mlangoni nikasahau hata kusalimia. Wasusi watatu walikuwa kwenye kichwa kimoja. Mmoja aligawa nywele na kuanzisha, wa pili alisuka mpaka chini, wa tatu alichovya ncha kwenye maji ya moto na kufagia nywele zilizoanguka. Mteja aliyekaa baada ya chai alitoka kabla ya chakula cha mchana. Nilivitazama vidole vile kama mtu anavyotazama Mto Kilombero uliofurika: unaogopa kidogo, na hutaki kuondoka.

Nilikaa huko miaka mingi, na kila nilipokuja nyumbani nililinganisha. Mkeka wetu uligeuka kibanda, kibanda kikawa saluni ya mdogo wangu yenye kioo ukuta mzima. Lakini kichwa kimoja kilibaki cha msusi mmoja, mwanzo hadi mwisho. Niliwahi kumsikia mtaalamu redioni akieleza kwamba kazi za huduma ni ngumu kuzilinganisha kati ya nchi na nchi, kwa kuwa hazipimwi kwa gunia kama mpunga. Nilimwona anajisumbua bure. Si uhesabu vichwa tu?

Mwaka huu nimerudi moja kwa moja, ingawa nasema hivyo kila nikirudi. Ijumaa moja mchana waliingia bibi harusi na wapambe wake wawili, wakiongozwa na shangazi yake. Walitakiwa wafike asubuhi, gari likawakwamia kwenye tope. Ndoa ilikuwa kesho yake huko Chita, na dereva alikuwa ameapa kwamba hataipita barabara ile gizani. Mdogo wangu alinivuta pembeni akasema haiwezekani. Lakini saluni ikimrudisha bibi harusi na nywele zilizofumuliwa nusu, nani atakanyaga tena hapo?

Nikamwambia aniachie mimi. Yeye, mimi na wasichana wawili aliowaajiri tuligawana kazi kwa mtindo wa Lusaka. Tulifumua, tukachana, tukasuka, tukazunguka kutoka kichwa hiki kwenda kile. Wasichana waliokuwa wakichukua siku nzima walishika mwendo ule kana kwamba wamezaliwa nao. Hata mama mmoja wa Kisukuma, aliyekuja kuchanwa tu na akabaki kutazama, alinong'ona kwamba hawa watu wana mashine mikononi. Dereva alipopiga honi, bibi harusi alikuwa anajitazama kwenye kioo, amemaliza.

Shangazi akanyoosha mkono. "Nywele zake ziko wapi?"

Kwetu, nywele zinazoanguka wakati wa kuchana msusi huziokota, akazitia kwenye pakiti tupu ya rasta, akamkabidhi mwenyewe akazichome anapopajua. Za bibi harusi ndiyo kabisa, maana wenye husuda hawakosekani. Kila msusi huokota za kichwa chake. Sisi siku ile hatukuwa na kichwa cha mtu. Nilikuwa nimezifagia zote kwenye ndoo moja.

"Kichwa kilikuwa cha nani?" shangazi aliuliza tena, taratibu. Akajijibu mwenyewe: "Cha wote. Basi hakikuwa cha mtu."

Alisema hampeleki mtoto altareni huku nusu yake imebaki kwenye ndoo ya watu. Honi ikalia tena. Bibi harusi akaanza kufuta macho. Mdogo wangu akatandika khanga sakafuni, akapiga magoti, akaimimina ndoo. Zilikuwa zimechanganyika, haiwezekani kuzitenga.

"Jamani," akasema, "nani anakataa zake ziende pamoja na za bibi harusi?"

Wapambe wakasema chukua, shangazi. Kisha mama yule wa Kisukuma, ambaye hakumjua mtu yeyote mle ndani, akacheka. "Na zangu nenda nazo. Nimeingia harusini bila kadi."

Nimeona mikono mingi ikienda kasi, lakini mwili wangu haujawahi kusisimka vile. Mgeni kumkabidhi mgeni nywele zake, hivi hivi! Shangazi akafunga khanga fundo, akaipakata. "Mmesuka vizuri," alituambia akipanda gari. "Na haraka yenu yote hiyo."

Walipopotea barabarani bado kulikuwa na jua. Mdogo wangu akanigeukia. "Dada, tutaendelea hivi hivi. Ila mmoja wetu asishike kichwa kabisa. Kazi yake iwe nywele zinazoanguka."

Kazi hiyo niliichukua mimi. Ninaokota, ninafunga, ninamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili.